Uma au vidole: mgeni afuate meza ya nani?

Bukavu, mashariki mwa Kongo, mgeni kutoka Ulaya akikaribishwa bugali na sombe (majani ya muhogo), kuna nyumba watampa uma kabla hajaomba, na kuna nyumba wataona kumpa uma ni kumtenga na sahani. Kwa upande mwingine, mfanyabiashara wa Kadutu, humo humo Bukavu, anayekwenda Guangzhou, China, huambiwa ajifunze kula kwa vijiti kwanza asije akaaibika.

Wanaotetea desturi ya mwenyeji wana hoja nzito: chakula kikiwa cha pamoja, namna unavyokula inamhusu kila aliyeketi. Mikono inanawishwa, wakubwa kwanza. Unamega kwa mkono wa kulia, upande ulio mbele yako. Katikati kuna moto na si kwako. Tonge dogo, liviringishwe kwa ncha za vidole, libonyezwe kwa dole gumba, lichote sombe, liingie lote mdomoni. Wageni wengi humega kubwa, wakalibana kwa kiganja likawanata, kisha wakaling'ata nusu na kuchovya tena. Vidole vilivyochafuka vinachekesha tu. Kuchovya mara ya pili ndiko kunakokera.

Lakini wanaotaka mgeni atumie chombo alichozoea nao wana hoja: kuiga nusunusu kunaweza kuzidi ubaya wa kutoiga kabisa. Japani, anayeomba uma hakosei mtu. Anayeng'ang'ania vijiti, akachoka na kuvisimamisha wima katika bakuli la wali, ameandaa chakula cha marehemu. China navyo hufananishwa na ubani wa maombolezo. Tena kupokezana kipande kijiti kwa kijiti, Wajapani hufanya hivyo kwa mifupa baada ya maiti kuchomwa.

Na hakuna kanuni moja ya kubeba safarini. Japani unamaliza wali hadi punje ya mwisho. China, ukimaliza kila kitu, mwenyeji anaweza kudhani hukushiba. Mkono wa kushoto unaouzuia usiguse chakula India au Dubai, Brussels ukiuficha chini ya meza utaonekana huna adabu: huko mikono yote hukaa juu ya meza.

Kwa hiyo tungewapa haki wanaotetea desturi ya mwenyeji katika sahani ya pamoja, mkono na heshima ya wakubwa. Katika vyombo, wanaotaka mgeni atumie alichozoea. Mwenyeji wa Bukavu aweke uma kando ya sahani bila kumkabidhi mtu, na sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, waje wakavu, kwani hao hata mgeni huwamaliza kwa vidole, kichwa na mkia.