Mkongo ukikatika tunaelezwa. Ukizimwa je?

Mei 12, 2024, mikongo miwili ya baharini inayotuletea intaneti, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za jirani. Haikuchukua muda, waziri mwenye dhamana wa wakati huo, Nape Nnauye, akajitokeza kueleza chanzo. Watu walilalamika, wakataniana, wakasubiri. Ndivyo inavyotakiwa.

Oktoba 29, 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ilizimika Tanzania nzima. Ilianza kurejea Novemba 3, siku ambayo Rais aliapishwa Dodoma. Safari hii hapakuwa na mkongo uliokatika baharini. Na iliporejea, simu za watu ziliingia ujumbe wa kuwaonya wasisambaze picha na video za kuleta taharuki. Maelezo ya kwa nini tulikaa gizani hayakuwamo.

Kuhusu uchaguzi wenyewe, na waliohangaika siku zile kutafuta ndugu zao bila mawasiliano, wapo wanaoandika kwa ujasiri na ujuzi kuliko mimi. Mimi nataka kuzungumzia fedha.

Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa ajili ya mradi wa Tanzania ya Kidijitali. Mwaka huohuo ikaidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa aina hiyo Uganda. Sasa fungua kalenda. Uganda ilikuwa imezima intaneti yote Januari 2021, wiki ya uchaguzi, kwa siku kadhaa. Tanzania ilikuwa imeminya mitandao ya kijamii Oktoba 2020, nayo wiki ya uchaguzi. Wakopeshaji hawakuwa wageni wa habari hizo, zilikuwa kwenye kila gazeti la dunia. Miezi michache tu baadaye fedha za kueneza intaneti zikapitishwa kwa serikali zilezile zilizotoka kuifunga.

Sisemi fedha zisingetolewa. Anayesema hivyo hajawahi kukaa kijiji ambacho kupiga simu ni mpaka upande kichuguu. Serikali iliposaini mikataba ya minara 758 ya vijijini mwaka 2023, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, nilifurahi na bado nafurahi. Kinachonikera ni kipimo. Ripoti nyingi za maendeleo zinazonipitia zinahesabu minara iliyosimama, kilomita za mkongo wa taifa, asilimia ya watu waliofikiwa na 4G. Mnara ukishasimama, umeshahesabiwa. Ukizimwa kwa amri siku tano, hauondolewi kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Na hapa ndipo serikali yetu inajipinga yenyewe. Kwa miaka karibu kumi imetuhamishia mtandaoni, na kusema kweli mengi yamekuwa nafuu. Ukitaka kulipa chochote serikalini, unaomba kontroli namba. Zabuni ya umma haina bahasha tena, inapita NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi. Mkopo wa chuo unaombwa mtandaoni HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, kazi za serikali zinaombwa Ajira Portal, na mashine ya risiti ya EFD dukani inatuma taarifa TRA, mamlaka ya mapato, kwa mtandao. Kuna uchumi mzima wa steshenari, vibanda vyenye kompyuta mbili na printa moja, ambako kijana analipwa kuwajazia wenzake fomu hizi. Dirisha la zamani lenye karani na daftari limefungwa, na sikumbuki nani aliulizwa. Basi anayezima intaneti leo hazimi porojo za X peke yake. Anazima masijala, anazima benki, anazima ofisi ya kodi. Mwaka 2010 ungeweza kusema intaneti ni anasa ya watu wa mjini. Sasa hivi serikali ndiyo iliyotuamuru tuingie humo.

Wapo watakaosema mkopeshaji hana mamlaka ya kuhoji mambo ya ndani. Hoja hiyo haipiti, kwa sababu tumeshawaona wakihoji. Mwaka 2018 Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu na kufanya kuchapisha takwimu zinazopingana na za serikali kuwa kosa. Benki ya Dunia ilitoa tamko la wazi kwamba ina wasiwasi mkubwa. Juni 2019 sheria ikarekebishwa tena na makali yale yakaondolewa. Kumbe inawezekana. Mtafiti mwenye jedwali lake alipata mtetezi Washington, makao ya Benki ya Dunia. Mama ntilie anayepokea oda kwa WhatsApp hajapata.

Nakiri hili la mkopeshaji kuibana serikali halinikai vizuri. Kizazi cha wazazi wetu kinakumbuka masharti ya mikopo ya miaka ya 1980 na 1990, shule zilivyoanza kudai ada na hospitali kudai hela kabla ya kukuangalia. Siyahitaji yale yarudi yakiwa na nguo za kidijitali. Ila kuna tofauti kati ya kumwambia mtu aongoze vipi nchi yake, na kumuuliza kitu ulichomkopesha fedha kukijenga kilikuwa kinafanya kazi saa ngapi kwa mwaka, na kama hakikufanya, kwa nini. Swali la pili ni la mkaguzi wa kawaida wa hesabu.

Hoja ya usalama siidharau. Uvumi unaua, na kampuni za mitandao si malaika. Januari 2021 Facebook iliondoa akaunti ilizodai zinahusiana na wizara ya serikali ya Uganda, siku chache kabla ya kura, na Rais Museveni akajibu kwa kuifunga Facebook kabisa. Unaweza kuuliza kwa haki ni nani aliyeipa kampuni ya California mamlaka ya kuamua. Lakini jibu la Museveni liliwaangukia wauza nguo wa Kampala waliokuwa wanapata wateja humo, na kufungwa huko kukaendelea miaka mingi baada ya uchaguzi kupita. Usalama gani huo usioisha?

Kwetu X ilifungwa Mei 2025, na waziri akataja maadili na picha za ngono. Watu wakahamia VPN, programu za kupita njia ya pembeni kufikia mtandao uliofungwa, ambazo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilishaagiza tangu Oktoba 2023 kwamba zisajiliwe. Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kusoma habari anaanza kwa kuvunja agizo. Sioni maadili anayojifunza hapo.

Tusisubiri Washington, maana huko wana haraka zao. Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, iliamua Juni 2020 kwamba Togo ilikosea kuzima intaneti mwaka 2017, na walioipeleka serikali mahakamani walikuwamo raia wa Togo wenyewe. Hapa kwetu tunalo Bunge, na zile dola milioni 150 za Benki ya Dunia ni mkopo, si zawadi. Utalipwa kwa kodi, ikiwemo inayokatwa kila mtu anaponunua bando, hata aliyelinunua Oktoba 28 likamwishia bila kulitumia.

Mbunge anayetafuta swali la msingi kwa kikao kijacho, alichukue hili bure. Kati ya Oktoba 29 na Novemba 3, serikali ilipoteza kiasi gani cha mapato kwa kontroli namba ambazo hazikulipwa? Na la nyongeza: nani alitoa amri, kwa kifungu gani cha sheria, na iliandikwa wapi?