Mfalme wa Malindi Aliwaza Nini?

Vita vya Tabuk havikupiganwa. Sira, yaani vitabu vya maisha ya Mtume, zinaeleza wazi: mwaka wa 9 wa Hijra, sawa na 630 Miladia, Mtume (s.a.w.) alitoka Madina na jeshi kubwa kuelekea kaskazini katika joto kali, wakafika Tabuk, wakapiga kambi siku kadhaa, jeshi la Warumi halikutokea, wakarudi. Bwana Mwengo bin Athumani wa Pate ana habari nyingine. Katika Utendi wa Tambuka, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1728 na ulio miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili tuliyo nayo, watu wanachinjana hasa. Herekali, mfalme wa Rumi, anamwaga majeshi. Sayyidna Ali anapasua safu. Beti zaidi ya 1000 zimejaa vumbi, farasi na damu. Msiba wa Muta wa mwaka 629, alikouawa Jaafar bin Abi Talib, umegeuzwa kuwa sababu ya kisasi, na juu ya kisasi hicho vimejengwa vita ambavyo historia haivijui.

Basi nawauliza watu wa Amu (Lamu): Bwana Mwengo alisema uwongo?

Swali hili silileti kwa ushindani. Kila riwaya inayogusa pwani yetu inapotajwa, barazani huzuka maneno yale yale. Upande mmoja husema mwandishi wa maana ni yule anayeandika alichokiona na alichopokea kwa wakubwa wake, akakihifadhi. Mengine ni porojo za watu wenye nafasi. Upande wa pili husema kubuni ndiyo kazi yenyewe, na asiyebuni ni karani. Upande huu wa pili ndio unaoshindwa kila mara, hasa hapa kwetu ambako neno “urathi” likishatamkwa mazungumzo hufungwa kwa adabu. Kwa maoni yangu unashindwa kwa kutosikilizwa zaidi kuliko kwa kukosa hoja.

Upande wa kwanza, niuite wahifadhi, una hoja nzuri, tena nzito. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Matondoni, aliyefariki mwaka 2017, alitunga Sambo ya Kiwandeo, ikachapishwa mwaka 1979. Ni utungo wa kuunda chombo: mti gani unafaa wapi, ubao upi unatangulia, kamba ipi inafungwa wapi, kila kitu kwa jina lake la Kiamu. Leo boti za faiba na mashine zimejaa, na kijana wa Matondoni anayetaka kujua babu yake aliuitaje ubao fulani atalazimika kufungua utungo huo. Mtu yeyote wa Amu aliyeuona mji wake ukiingizwa na UNESCO katika orodha ya Urathi wa Dunia mwaka 2001, kisha akaona gati ya kwanza ya bandari mpya ikianza kazi mwaka 2021, ana haki ya kusema: andikeni kilichopo kabla hakijaondoka. Simcheki hata kidogo.

Iko na hoja ya dini, ambayo kwa kawaida huletwa nusu. Hutajwa Surat Ash-Shu‘araa, aya ya 224 hadi 226, kwamba washairi hufuatwa na wapotovu, hutangatanga katika kila bonde na husema wasiyoyatenda. Msomaji hunyamaza hapo. Aya ya 227 inayofuata inawatoa walioamini na kutenda mema, na ndiyo mlango walioingilia watunzi wetu wote, waliofungua tendi zao kwa Bismillahi kisha wakatangatanga mabondeni wapendavyo.

Na kuna hoja isiyosemwa kwa sauti, ya mji mdogo. Ukibuni mke mwenye siri anayekaa mtaa wa Mkomani hapa Amu, kabla ya magharibi ameshapewa jina, ukoo na nyumba. Ubunifu unasomeka kama masengenyo, na aliyesengenywa yupo, ana watoto. Hoja hii ni ya kweli kuliko ile ya dini, na nitairudia.

Lakini hoja inayonisumbua zaidi imetoka Malindi, na imetungwa na Mreno. Vasco da Gama alitia nanga Malindi Aprili 1498. Mwaka 1572 Luís de Camões alichapisha Os Lusíadas, utendi wa taifa lake juu ya safari ile. Una sehemu 10. Mwisho wa sehemu ya pili wageni wanapokewa Malindi, na mfalme wetu anamwomba nahodha amsimulie habari za nchi yake. Nahodha anaanza. Anasimulia sehemu ya tatu yote, ya nne yote, ya tano yote: wafalme wa Ureno, vita vya Ureno, mapenzi na misiba ya Ureno, dhoruba za njiani. Sehemu 3 katika 10, na muda wote huo mfalme wa Malindi kakaa anasikiliza. Mmoja wa washairi wakubwa wa Ulaya alipouweka mji wetu ndani ya kazi yake, alimpa mwenyeji sikio bila ulimi. Karne iliyofuata, John Milton, mshairi Mwingereza kipofu asiyepata kufika Afrika, alizitaja Mombasa, Kilwa na Malindi katika Paradise Lost (1667). Humo ni majina yanayopita machoni pa Adamu alipopandishwa mlimani, basi.

Mhifadhi akisoma hayo atasema: umeona? Hivyo ndivyo ubunifu ulivyotufanya. Na kweli umetufanya hivyo.

Ila tazama nini kinachobaki ukiweka ubunifu kando ukashika kumbukumbu tupu. Shajara ya msafara wa da Gama ipo, na inamweleza mfalme wa Malindi kwa makini. Alivaa joho lililotiwa ukingo wa atilasi ya kijani. Aliketi juu ya viti viwili vya shaba vyenye mito, chini ya mwavuli wa atilasi nyekundu. Palikuwa na wapiga tarumbeta, na siwa mbili za pembe, ndefu kama mtu, zinazopulizwa kwa tundu la ubavuni. Mwandishi wa shajara alikuwa na macho mazuri; aliona hata tundu la siwa. Lakini yule mtu aliwaza nini alipoviona vyombo vile vyenye mizinga? Alijua walichotoka kukifanya Msumbiji na Mombasa? Aliwapokea kwa ukarimu, au kwa sababu Mombasa ilikuwa hasimu yake na adui wa adui ana faida? Usiku ule alilala? Hakuna hati itakayojibu. Wanahistoria watapima maslahi yake, nao watafanya vizuri, lakini usiku wake hawataupata, kwa sababu haukuandikwa, na hata ungeandikwa, wafalme hawaandiki kila kitu.

Camões aliuona uwazi huo akaujaza na Ureno. Kosa lake si kubuni. Alibuni kwa bidii upande wake, na upande wetu akaufanyia uvivu.

Wazee wetu hawakuwa wavivu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alisimama mbele ya majumba ya Pate yaliyokwisha kuwa magofu. Angeweza kutaja tu kwamba yameanguka. Alianza kwa kuyawasha: taa za kioo na za shaba zinawaka hata usiku ukawa kama mchana, wenyewe wanapita kwa maringo. Baada ya hapo ndipo anapoleta makinda ya popo yaliyoning’inia na bundi anayekoroma ndani. Mchimbaji wa mambo ya kale atakupa upana wa ukuta, na upana huo tunauhitaji. Taa ziliwashwa na mshairi. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa, hapa Amu, alipoandika utendi wa shujaa Fumo Liyongo, hakutosheka na habari kwamba Liyongo aliuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni. Alimwonyesha kijana akisita, akimnyemelea baba aliyelala. Nani alikuwapo pale kumwona akisita? Hata karne ya Liyongo wataalamu hawajaafikiana, ila kusita kule hakuna mtu wa Kipini anayekutilia shaka.

Atakayejibu kwamba Bwana Mwengo hakubuni kitu, alipokea tu visa vya maghazi, yaani vita vya Mtume, vilivyokuwa vikisimuliwa kwa Kiarabu, yuko sawa kwa sehemu. Visa vya namna hiyo vilikuwapo, na tendi zetu nyingi zimevinywa. Hilo linasogeza ubunifu kutoka mtu mmoja hadi watu wengi, halifuti. Na bado ni mtu wa Pate aliyechagua, kati ya sira iliyosema hapakupiganwa na kisa kilichosema palipiganwa, kile cha pili, akakipa vina. Nadhani alijua alichokifanya. Vita vya Tambuka ni vita vya mioyo ya watu waliokaa mbali sana na Madina, waliotamani kuwa wamekuwapo.

Ndiyo maana hunishangaza kusikia kubuni ni jambo la kigeni. Riwaya kama umbo ilitufikia kwa kuchelewa, sawa. Na riwaya za Kiswahili zinazotajwa sana zimeandikwa na watu wa Tanga, Unguja, Pemba, Ukerewe; Amu tumebaki na sifa ya ushairi. Lakini umbo ni chombo tu. Shaaban Robert alipoiweka nchi yake ya kubuni, Kusadikika, angani mwaka 1951, chini ya Mwingereza, alisema juu ya wafalme wasiosikia mambo ambayo gazeti lisingeyachapisha. Karibu yetu zaidi, Katama Mkangi wa Kilifi, aliyetiwa kizuizini mwaka 1986, alimpakia mtu aliyehukumiwa kufa katika chombo cha angani, akamtua Walenisi (1995), nchi isiyokuwapo ambayo kila Mkenya aliyeisoma aliipima papo hapo na yake.

Abdulrazak Gurnah naye. Alipopata Nobel mwaka 2021 watu wa pwani tulifurahi kama tuliofunga goli, na wengi tukawa hatujamsoma. Alizaliwa Unguja mwaka 1948, karibu miaka 30 baada ya Mjerumani kuondoka Tanganyika. Yusuf wa riwaya yake Paradise (1994) ni mtoto wa kabla ya mwaka 1914, aliyetolewa na babake kuwa rehani kwa tajiri ambaye mtoto anafundishwa kumwita ami. Daftari la tajiri lingeandika deni. Mtoto angeandikwa vipi? Gurnah hakumwona; alimchukua kutoka mahali tunapopajua sote, Surat Yusuf, hata kanzu inachanwa kwa nyuma. Upungufu upo, ingawa si wake peke yake: kitabu kilitoka kwa Kiingereza, na Peponi, tafsiri ya Kiswahili, ikatoka mwaka 2022. Miaka 28. Aliyezaliwa kilipotoka kitabu alikuwa ameshaoa, pengine ana mtoto wa chuoni, kabla hakijasomeka kwa lugha ambayo Yusuf mwenyewe angeisema. Wanaosema ubunifu haujatusaidia wahesabu na hiyo miaka, na watuulize sisi tulikuwa tukifanya nini.

Shuleni nako tunaubana. Mwanafunzi wa kidato cha tatu ukimwamsha usiku atakuambia fasihi ni kioo cha jamii, kisha atakuorodheshea rushwa, ndoa za mapema, ukabila. Haulizwi kamwe mwandishi alimjuaje mhusika asiyekuwapo, wala kwa nini tunamlilia. Kioo huonyesha kilicho mbele yake, na mfalme wa Malindi hayuko mbele ya kioo chochote. Mwalimu ana silabasi na ana mtihani, namwelewa. Lakini kijana aliyefundishwa hivyo akishika kalamu huandika ripoti yenye majina ya watu.

Narudi kwenye mji mdogo, kwa sababu hapo upande wangu una deni. Mwaka 2005, miaka 600 tangu safari ya kwanza ya Zheng He, mkuu wa misafara ya bahari ya China, msichana kutoka kisiwa cha Pate alipata nafasi ya kusoma China kwa madai kwamba ana damu ya mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na chombo. Magazeti yalimpiga picha yakaenda zake. Yvonne Adhiambo Owuor, mzaliwa wa Nairobi, aliipokea habari hiyo akaandika The Dragonfly Sea (2019). Ayaana wake ni mtoto wa Pate asiye na baba, anayejichagulia baharia mzee awe babake, kisha anapelekwa ng’ambo kubeba ndoto za serikali mbili. Owuor alimpa msichana wa magazetini kile Camões alichomnyima mfalme: ulimi, hasira, hiari. Wakati huohuo, aliyekuwa chanzo cha habari ni mtu hai, hakuombwa na yeyote awe chanzo cha riwaya, na Pate haina watu wengi wa kuchanganywa naye. Kubadilisha jina na ukoo ni heshima. Kama inatosha, mimi na wahifadhi bado tunabishana, na kwa hili sina hakika kwamba wao ndio waliokosea.

Ila wanapoongeza kwamba mtu wa Nairobi hana ruhusa ya kuiwaza Pate, tunaachana. Mtu wa Pate naye aliiwaza Rumi. Na mwanakisiwa anayeona Ayaana hakuumbwa sawa, kwamba mama wa kwao hasemi vile na kusi haiji hivyo, ameshapata nusu ya riwaya yake. Badala ya kuiandika, huimaliza barazani baada ya alasiri, kahawa ikipoa.