Tupime Mawimbi Kabla ya Kujenga Kuta

Mijadala kuhusu fukwe zetu zinazoliwa na bahari, kuanzia Kunduchi hadi Pangani, huishia karibu kila mara kwenye kupanda kwa usawa wa bahari. Sipingi kwamba unapanda. Kinachonisikitisha ni kwamba upepo husahaulika, ilhali upepo ndio unaoumba wimbi na ndio unaoamua litaupiga ufukwe kutoka upande gani.

Kwa jumla, kusi husukuma mchanga kuelekea kaskazini mwa pwani, kisha kaskazi hurudisha sehemu yake, na kwa kuwa kusi huvuma kwa nguvu zaidi, uhai wa ufukwe hutegemea namna pepo hizo mbili zinavyopokezana. Mawimbi yakibadili mwelekeo kwa nyuzi chache tu, miaka mingi mfululizo, mchanga uliozoea kurudi hautarudi tena, hata kama kimo cha mawimbi hakijabadilika.

Kuna pia mawimbi marefu yasiyozaliwa kwetu, yanayotoka kwenye bahari inayoizunguka Antaktika, ambako pepo za magharibi huvuma mwaka mzima. Mei 2007 mawimbi ya namna hiyo yalikipiga kisiwa cha Réunion, mashariki mwa Madagaska, na siku chache baadaye yakafurika katika visiwa vya Maldivi, maelfu ya kilomita kutoka kwenye dhoruba iliyoyazaa. Vipimo vya setilaiti vya mwaka 1985 hadi 2018 vinaonyesha kwamba huko kusini mawimbi makubwa kabisa yameongezeka kimo kwa takriban sentimita 30. Si jambo dogo, kwa sababu nishati ya wimbi hufuata mraba wa kimo chake: kimo kikizidi kwa asilimia 10, nishati huzidi kwa asilimia 21. Madagaska hutukinga kwa kiasi, na miamba ya matumbawe hupunguza makali, lakini wakati wa bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida mwezi unapoandama au kuwa mpevu, maji huwa mengi juu ya mwamba na wimbi hupita likiwa bado na nguvu.

Ndiyo maana sikubaliani na desturi ya kukimbilia ukuta pale barabara au hoteli inapoanza kutishika. Ukuta hulirudisha wimbi, wimbi huchimba mchanga chini yake, na mara nyingi jirani wa upande wa pili ndiye anayepoteza ufukwe wake. Vipimo vilivyochukuliwa majini kwa miaka mingi mfululizo ni vichache mno kwetu. Serikali za pwani hii ziweke maboya ya kupimia mawimbi, ziyatunze kwa miongo kadhaa, na zidai yarekodi mwelekeo wa wimbi sawasawa na kimo chake, kisha wahandisi wapewe takwimu hizo kabla hawajachora ukuta wowote.