Mnatufundisha "must" bila mkia wake

Nilikuwa nimepanga leo kuandika kuhusu bei ya makala. Yale ya kupikia, yaani makaa, wasomaji wa Dar msishangae. Makala ya kusoma ndiyo hii hapa. Bei ingojee. Jana usiku mdogo wangu alirudi kutoka masomo yake ya jioni ya Kiingereza na karatasi iliyolowa wino mwekundu, na tangu hapo sijatulia.

Swali lilikuwa hili: "Mother is not at home. She must be at the market." Toa maana kwa Kifaransa. Mtoto akaandika kwamba mama hayuko nyumbani, bila shaka yuko sokoni. Sufuri. Pembeni mwalimu kamwandikia jibu lake yeye: mama analazimika kuwa sokoni. Halafu kapiga mistari miwili chini ya "must" na kuongeza: "must = devoir. Jifunze!" Devoir ni kulazimika kwa Kifaransa.

Jifunze! Na alama ya mshangao juu yake.

"Yaya," mdogo wangu akaniuliza, "ni miye njo nilikosa?"

Hukukosa, mdogo wangu. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba Kifaransa hicho hicho anachokitegemea mwalimu kinasema "elle doit être au marché", kwa devoir hiyo hiyo, na hapa Lubumbashi, kuanzia Katuba hadi Ruashi, hakuna anayesikia maneno hayo akadhani kuna askari aliyemshika mama mkono kumpeleka sokoni. Tunajua mtu anakisia. Kifaransa kikikisia tunakielewa, Kiingereza kikikisia tunakipa sufuri.

Ninaijua orodha aliyotoka nayo mwalimu, maana hata mimi niliikariri: can, could, may, might, must, shall, should, will, would. Tisa. Kila kimoja na Kifaransa chake upande wa kulia, kama watoto waliopangwa wawili wawili kwenye foleni. Unakariri, unapata alama zako, unatoka nje, na mtu wa kwanza kukusemesha Kiingereza anakuacha mdomo wazi. Vitenzi hivi vikisimama peke yake havijasema kitu. Ni kama mtu aliyefungua mlango akasimama kizingitini: hujui anaingia au anatoka. Utajua akishasogea, na kinachomsogeza mara nyingi ni vile vikundi vidogo vya mahali na wakati vinavyokuja nyuma, ambavyo orodha haina nafasi navyo.

Chukua hii: "He must be in Likasi by Friday." Hiyo ni amri. Kuna mkubwa mahali anagonga meza: Ijumaa isipite hajafika Likasi. Sasa hii: "He must be in Likasi by now." Amri imetoweka. Mtu aliondoka alfajiri, barabara unaijua, unahesabu saa kwa vidole na kusema, aa, huyu atakuwa amefika. Angalieni kilichobadilika. "Must" ni yule yule. "Be in Likasi" ni ile ile. Hata "by" haikutikisika. Ijumaa imetoka, "now" imeingia, na sentensi nzima imehama kutoka kwa bosi anayeagiza hadi kwa mke anayengoja simu. Neno la mwisho kabisa ndilo lililoamua neno la pili lina maana gani! Na wewe unamfundisha mtoto neno la pili peke yake, tena kwa kalamu nyekundu.

Nina hasira kwa sababu yangu mwenyewe, sitaificha. Nilipoanza kazi ya transiti, ya kupitisha mizigo mpakani, hapa mjini, nikiwa na cheti cha Kiingereza na shati jeupe, tulipata ujumbe kutoka kwa mteja wa Ndola, Zambia: "The truck must be in the yard by Friday." Ilikuwa Jumanne. Nikautafsiri mbele ya watu, kwa sauti ya msomi: lori lazima libaki uwanjani mpaka Ijumaa. Uwanja gani? Wetu, bila shaka, si ndiko lilikokuwa? Dereva akashukuru Mungu, akaenda kwake Kenya (mtaa, si nchi) na kula nyama ya michopo siku tatu. Ijumaa jioni tunamwambia sasa unaweza kuondoka, Ndola nao wanapiga simu kuuliza lori liko wapi. Walilitaka kwao, uwanjani kwao, na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kufika. Mnaijua foleni ya mpaka wa Kasumbalesa ilivyo, sina haja ya kuwaeleza tulifika lini. Bosi alikata kwenye mshahara wangu. Hakukosea.

"Must" nilikuwa ninaijua vizuri sana. Kilichoniponza ni "by", kineno cha herufi mbili, ambacho hakuna aliyewahi kuniketisha chini na kuniambia kinafanya nini kikikaa nyuma ya "must". "By Friday" ni ukuta: fanya lini upendavyo, ila usiuvuke. "Until Friday" ni kamba: umefungwa hapo mpaka ifike. Kifaransa nacho kina maneno mawili tofauti kwa hayo, sawa, nakubali. Ila mimi kichwani nilikuwa na "mpaka" moja tu, na "mpaka" yetu inabeba mizigo yote miwili bila kulalamika.

Hapo ndipo ninapodhani Kiswahili chetu kingetusaidia, kama kingeruhusiwa kuingia darasani badala ya kuachwa nje na viatu. Tunaposema "mama atakuwa sokoni" hatuzungumzii kesho, tunakisia sasa hivi, na Mwingereza anakisia vivyo hivyo: "she will be at the market". Tunaposema "hawezi kuwa nyumbani saa hizi" hatuna maana kwamba amevunjika mguu. Na "she can't be at home" ni hiyo hiyo, sawa kabisa. Mtoto wa Lubumbashi anayo tayari mantiki ya kitu hiki tangu akiwa mgongoni. Kwa kumpitisha kwenye Kifaransa, tunamzungusha Brussels ili afike Kasumbalesa.

Kiswahili pia kingemwonyesha mtego uko wapi. Sisi tunasema eko ku soko, anaenda ku soko, anatoka ku soko. Wa Kiswahili bora watasema sokoni mara zote tatu. Ni hali moja, kitenzi ndicho kinachojua safari. Kiingereza kinataka at, to, from, na kitakucheka ukikosea. Halafu tunasema "can you wait me", kwa sababu kwetu ni "unaweza kuningoja" na kwa Kifaransa ni "m'attendre", lugha mbili zimekula njama kuificha ile "for". Hilo silo kosa la uvivu, na mwalimu anayeujua mtego huo angeueleza kwa dakika tano.

Kuna na yale mabango. "Under no circumstances may drivers leave the vehicle." Yaani dereva asishuke garini kwa hali yoyote. Kikundi cha kukataza kikitangulia mbele, "may" inamruka dereva na kukaa kabla yake, na dereva wetu anasoma akidhani ameulizwa swali. Wengine hujibu.

Haya, najua mtakayosema. Mwalimu ana watoto hamsini chumba kimoja, umeme unakatika, na orodha ya maneno tisa inafundishika hata gizani. Kweli. Nami sitaki afukuzwe kazi, nataka tu afute sufuri yake. Aandike sentensi nzima ubaoni, siku moja, abadilishe mkia peke yake na kuwauliza watoto nini kimegeuka. Chaki haitaisha.

Nilikuwa nikiyasema haya yote usiku ule, mikono hewani, bukari (ugali wetu) ikipoa, ndipo mama akaingia na beseni lake kichwani. Mama huuza sombe (kisamvu) kwenye soko la Kenya, mjue. Mdogo wangu akamsomea sentensi, akamfasiria majibu yote mawili, lake na la mwalimu, na kumwomba aamue.

Mama akatua beseni, akakaa, akavua viatu kimoja kimoja.

"Bote banasema kweli," akasema. "Nilikuwa ku soko. Na kama sikwendake, mungekula nini?"