Muuguzi wa zamu anapochagua shahada ya uzamili ya mtandaoni

Wauguzi wenzangu wa huku Nyanda za Juu Kusini wanaotaka kusoma shahada ya uzamili mtandaoni huku wakiendelea na kazi huniuliza kwanza kuhusu ada, kisha jina la chuo. Mimi huwarudisha nyuma kidogo: unataka kusomea nini? Yapo masomo ya uuguzi yanayomfaa kabisa mtu aliye kazini kuyasoma kwa mtandao, na yapo ambayo hayamfai, chuo kiwe na sifa kubwa namna gani.

Uongozi wa huduma za uuguzi, ualimu wa uuguzi, afya ya jamii, mbinu za utafiti: haya mtu anaweza kuyasoma akiwa Tukuyu, Makete au Mafinga, na kesho yake akayatumia wodini. Mfawidhi anayejifunza kupanga watumishi anayo ratiba ya zamu mezani kwake, na majina ya watu wawili walio likizo ya uzazi bila mtu wa kuwashikia nafasi. Anayejifunza kudhibiti maambukizi anaijua sinki ambayo bomba lake halitoi maji. Mwanafunzi wa aina hii ana faida ambayo kijana aliyetoka moja kwa moja darasani hana, na mtandao haumpunguzii chochote.

Uuguzi wa wagonjwa mahututi ni habari nyingine, na ukunga wa kibingwa vilevile. Kutazama video ya mgonjwa aliyewekwa kwenye mashine ya kupumulia hakulingani na kuisikia mashine hiyo ikilia usiku wa manane huku macho ya wote yakikuelekea wewe. Pale anahitajika mtu mzoefu wa kusimama kando yako na kukurekebisha mkono. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinafundisha uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi kwa ngazi ya uzamili, na ushauri wangu kwa anayeutaka ni kuomba ruhusa ya masomo akakae Dar es Salaam. Najua uzito wa ushauri huo. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na watoto wanabaki na bibi yao. Hata hivyo nausimamia, kwa ajili ya mgonjwa.

Matangazo yanayonipa wasiwasi zaidi ni yale ya vyuo vya Marekani yanayozungumzia shahada ya muuguzi anayepima, kutambua ugonjwa na kuandika dawa. Kada hiyo ilianzia Colorado mwaka 1965, na imewasaidia sana watu wa vijijini huko kwao. Ila vigezo vyao vya mwaka 2022 vinamtaka mwanafunzi afanye angalau saa 750 za kuhudumia wagonjwa chini ya msimamizi, na kwa kawaida anatakiwa kuwa tayari na leseni ya uuguzi ya Marekani. Hapa kwetu kazi hiyo imekuwa mikononi mwa matabibu na madaktari wasaidizi kwa miaka mingi. Muuguzi wa Mbozi atakayelipa mamilioni kwa shahada hiyo atarudi kwenye muundo wa utumishi usio na nafasi yake. Inaniuma kuona mtu anajinyima ili alipie kitu hicho wakati hakuna aliyemweleza.

Halafu kuna suala la saa. Darasa la moja kwa moja linaloanza saa 12 jioni London huwa saa 3 usiku kwetu wakati wa baridi yao, na saa 2 usiku wakati wa kiangazi chao. Hiyo inabebeka, isipokuwa siku unayoingia zamu ya usiku. La New York la saa 1 jioni linakukuta saa 9 usiku, au saa 8 usiku miezi ile mingine. Hakuna binadamu atakayeishi hivyo miaka miwili na bado achanganye dawa za watoto kwa usalama. Kwa hiyo uliza kabla ya kujisajili: vipindi vinarekodiwa? Mahudhurio ya moja kwa moja yana alama? Kazi zinakusanywa kwa wiki au kwa mwezi? Mtu wa zamu anahitaji chuo kinachompa kazi ya mwezi mzima aipange mwenyewe, maana wiki ya zamu za usiku hupita bila kufungua kitabu. Umeme nao hukatika, na bando huisha katikati ya kupakia kazi. Chuo kisichokubali sababu hizo hakikumfikiria mwanafunzi wa huku.

Shahada ya nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kutambuliwa, basi waulize Tume kuhusu chuo hicho kabla ya kulipa ada. Mtumishi wa umma ashike barua ya ruhusa ya mwajiri mapema, hata kama hataondoka kituoni. Na kama tasnifu yako itakusanya taarifa za wagonjwa wetu, kibali cha maadili ya utafiti cha chuo cha Ulaya hakitoshi, unahitaji na cha hapa nchini. Bahati nzuri Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ina kituo chake Mbeya mjini, kwa hiyo wapo watu wa kuwauliza bila kupanda basi la Dar.

Kusoma ukiwa kazini si jambo geni kwetu. Chuo Kikuu Huria kilianza kufundisha mwaka 1994, na walimu wengi wa mikoa hii wamepata shahada zao bila kuacha chaki. Mwalimu, lakini, hulala nyumbani kwake usiku. Muuguzi anategemea anayepanga zamu. Nawaomba mametroni na wafawidhi walibebe hili: mtumishi anayesoma apewe usiku mmoja kwa wiki usioguswa, na wiki ya mitihani asiwekwe zamu ya usiku. Wenzake watamfidia na yeye atawafidia mwezi unaofuata. Bajeti haihitajiki. Wakae wapange wote kabla ratiba ya mwezi haijabandikwa ukutani.