Tuzo ya nidhamu ina deni la ushahidi

Kuna cheti kimoja kinachotolewa karibu katika kila shule binafsi hapa Uganda, na kila msimu wa siku ya tuzo kinanikera upya: "Mwanafunzi Mwenye Nidhamu Bora". Jina linaitwa, mtoto anapiga magoti mbele ya mgeni rasmi, anapokea cheti, beseni na chupa ya chai, hema lote linapiga makofi, anarudi kuketi. Wazazi hawakuambiwa alifanya nini. Wenzake hawajui. Mara nyingi hata yeye mwenyewe hajui.

Aliyeongoza darasa ana alama zake. Ukibisha, mwalimu anafungua kitabu cha alama na mjadala unaisha. Nidhamu haina kitabu. Siku mbili kabla ya sherehe naibu mkuu anawauliza walimu kikaoni, "Tumpe nani?" Anatajwa mtoto mkimya. Asipopatikana mkimya, anatajwa kiranja. Asipopatikana kiranja, anatajwa mtoto wa mtu aliyechangia mahema. Dakika tano, orodha imekamilika na karani anachapa vyeti.

Watoto wanaona. Wanajifunza kwamba tabia njema ni kutosikika, na kwamba anayekemea wakubwa wanaowanyang'anya wadogo sukari bwenini ni msumbufu, kwa sababu jina lake limewahi kufika ofisini. Msichana asiyeinua macho anasifiwa, ilhali mwenzake aliyesema kweli kwa sauti anasahauliwa. Hili linaniuma kuliko kasoro nyingine zote za sherehe hizi, maana alama za hesabu zinaweza kusahihishwa muhula ujao, lakini mtoto aliyefundishwa kwamba uadilifu ni kutulia mbele ya mwalimu atatoka nao shuleni hivyohivyo.

Dawa yake haina gharama kubwa. Nunua daftari moja la kurasa 96 kwa kila darasa, lianze kuandikwa wiki ya pili ya muhula wa kwanza. Kila tendo lina mstari mmoja: tarehe, mtoto alifanya nini, nani aliona. Usiandike "ni mwaminifu". Andika "alirudisha shilingi 5,000 alizozidishiwa chenji kantini, mwenye kantini akiwa hajagundua". Usiandike "ana upendo". Andika "alimfundisha mwenzake sehemu za desimali kila jioni baada ya huyo kukosa masomo wiki mbili". Sifa inabishaniwa, tendo linathibitishwa.

Mashahidi wasiwe walimu peke yao. Mwalimu humwona mtoto anapojua anaonekana. Matroni humwona saa nne usiku. Mpishi anajua nani husukuma wadogo kwenye foleni ya posho (ugali) na maharagwe, na nani huwapisha. Askari wa getini, dereva wa basi, mtunza maktaba: wote waulizwe kila mwisho wa mwezi, kwa mdomo, na naibu mkuu aandike. Dereva ni muhimu hasa, kwa sababu bila yeye wanafunzi wa kutwa hawana shahidi na tuzo zote huishia kwa wa bweni.

Na wanafunzi? Ukiwapigisha kura ya "nani bora", utapata mwenye marafiki wengi au anayeletewa vitafunio vingi siku ya wazazi. Wape vipande vya karatasi, wajibu swali moja: "Nani alikusaidia muhula huu, na alifanya nini?" Majibu hayo ni ushahidi wa kuongeza daftarini. Yasihesabiwe kama kura.

Mwisho wa mwaka, kanuni iwe moja: asitajwe mtoto asiye na angalau matendo matatu, kutoka kwa mashahidi wawili au zaidi, katika mihula isiyopungua miwili. Mwalimu ambaye mtoto wake au ndugu yake yumo kwenye orodha atoke kikaoni.

Mambo haya huharibika kwa njia zinazojulikana. Mwalimu hujaza kurasa zote wiki ya mwisho kwa kalamu moja. Ndiyo maana naibu mkuu atie sahihi kila Ijumaa chini ya mstari wa mwisho. Viranja hugeuza daftari kuwa la kushtaki. Basi makosa yasiandikwe humo kabisa, yana kitabu chake. Na ukisoma matendo hayo kila Jumatatu kwenye gwaride, wiki ijayo watoto watashindana kuokota takataka mbele ya mwalimu wa zamu. Daftari lifungwe hadi siku yenyewe.

Siku hiyo, kabla jina halijatajwa, tendo lisomwe. Maneno 40 yanatosha, yaani sekunde 20 hivi. Najua jibu la wakuu wa shule: muda hautoshi. Tuhesabu. Shule ya msingi yenye mikondo miwili kutoka P.1 hadi P.7 ina madarasa 14. Ukiwatuza watatu wa kwanza kila darasa, ni majina 42, na kila mmoja huchukua nusu dakika kutembea, kupokea na kupigwa picha. Tuza wa kwanza tu, umeokoa dakika 14. Tena P.1 hadi P.3 nisingewapanga nafasi hata kidogo. Mtoto wa miaka sita hana cha kufanya na habari kwamba yeye ni wa 38.

Wala walimu wa sekondari wasiseme kazi hii ni mpya. Mtaala wa 2020 unataja maadili yanayotakiwa kukuzwa, uaminifu na uwajibikaji yakiwemo, na tangu UCE (mtihani wa taifa wa kidato cha nne) ya 2024 asilimia 20 ya matokeo inatokana na tathmini endelevu ya shuleni. Kumbukumbu tayari mnaandika.

Sikatai tuzo za alama. Mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa karo ana haki ya kuona jasho lake likipigiwa makofi, na wapo watoto wanaosoma kwa bidii kwa sababu tu wanaitaka ile seti ya hesabu. Ila mabango ya getini yenye sura za watoto wa agrigeti 4, yaani matokeo ya juu kabisa ya mtihani wa kumaliza P.7, yasitundikwe bila ruhusa ya wazazi. Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya 2019 inataka idhini yao.

Tuzo ya aliyepiga hatua ndiyo hukosewa hesabu zaidi. Shule nyingi hutoa alama za mwanzo wa muhula kwenye za mwisho na kumchukua mwenye tofauti kubwa. Sasa angalia: mtoto alirudishwa nyumbani kwa karo, akakosa mtihani wa mwanzo, akaandikiwa sifuri. Mwisho wa muhula akapata 52. "Amepanda" alama 52, kikombe ni chake. Mwenzake aliyetoka 41 hadi 63 kwa kukesha anaondoka mikono mitupu. Asiyefanya mtihani aandikiwe mstari, si sifuri, na asiingizwe kwenye hesabu hiyo. Kisha linganisha wastani wa muhula wa kwanza mzima na wa muhula wa tatu mzima, ili malaria ya wiki moja isimpe wala kumnyima mtu tuzo. Aliyeanza juu ya 85 mwache kando. Nafasi ya kupanda iliyobaki kwake ni ndogo mno kumlinganisha na aliyeanza 40.

Zawadi ya nusu karo iandikwe kwenye barua: kiasi kwa shilingi, mihula mingapi, masharti ya alama, sahihi ya mkuu na ya mhasibu. Ahadi ya kipaza sauti haifiki dirisha la malipo.

Na lipo jambo la orodha ya mwisho, ile inayopitishwa kwa mhasibu ili majina ya wenye madeni yakatwe. Lifutwe. Deni ni la mzazi, na shule ina njia zake za kulidai. Alama ni za mtoto, na tendo alilolifanya saa nne usiku bwenini, matroni akiona, ni la mtoto pia. Cheti chake kichapwe, jina lake liitwe, na kama mzazi hakuja, matroni ndiye asimame naye kwenye picha.