Shule yenye walimu 3,200

Mpe mtoto wa darasa la saba sentensi hii: "Katika shule fulani kuna wanafunzi 40 kwa kila mwalimu mmoja." Mwambie w ni idadi ya wanafunzi, m ni idadi ya walimu, aandike mlinganyo. Usishangae akikuletea 40w = m, maana ameandika kwa mpangilio uleule aliosoma. Jibu ni w = 40m. Tia wanafunzi 80 kwenye mlinganyo wake uone: shule inapata walimu 3,200, neema ambayo hakuna afisa elimu aliyewahi kuiota.

Si uzembe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Marekani, mtafiti John Clement na wenzake waliwapa swali la namna hii wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza. Zaidi ya theluthi moja walikosa, na wengi wao waligeuza mlinganyo vivyo hivyo.

Sasa kosa hilo tulifanyeje? Manu Kapur, mtafiti wa elimu aliyefanyia utafiti wake Singapore, anasema mwanafunzi aachwe kwanza ahangaike na swali asilofundishwa, kisha mwalimu aanzie kwenye majibu hayo yaliyokwama. John Sweller, mtafiti mwenzake wa Australia, anaona tofauti: akili ya anayeanza haibebi mambo mengi kwa mara moja, basi aonyeshwe kwanza mifano iliyokokotolewa hatua kwa hatua. Akiachwa atapetape, atachoka bure.

Kwenye kukokotoa, kama 3x + 7 = 22, mimi niko na Sweller bila kusita. Kwenye mafumbo, yaani hesabu za maneno kama ile ya walimu, ndipo ninapomwacha. Mfano safi ubaoni haumfichulii mtoto kwamba kichwani mwake w ni "mwanafunzi", wala si "idadi ya wanafunzi". Atanakili mfano vizuri, atapata vema, na swali likibadilishwa maneno atageuza tena.

Lakini nani wa kulisoma kosa lake? Darasa lina watoto 80, madaftari yamepangwa mezani hadi kidevuni. Kosa linapata wino mwekundu na agizo la "fanya masahihisho", na masahihisho yenyewe ni kunakili jibu la ubaoni. Wengine hawafiki hata huko: ufutio umeshapita, karatasi imetoboka, mwalimu hana cha kuona. Na Tanzania, mtoto huyu akiingia kidato cha kwanza fumbo linamjia kwa Kiingereza, hata mwalimu makini hajui tena kama kilichomshinda ni aljebra au lugha.

Kwa hiyo kumwacha mtoto akosee bila kumrudia ni kumwacha tu. Njia nafuu ninayoiona ni kuchukua kosa moja la darasa, bila jina la mwenyewe, liandikwe ubaoni kisha litiwe namba. "Wanafunzi ni 80. Haya, walimu wangapi?" Kicheko kitaanza nyuma kabla hesabu haijaisha. Watu wa upande wa Sweller watanionya kwamba mtoto mzito anaweza kuondoka na lile la ubaoni akidhani ndilo. Ni kweli, naliogopa hilo. Ndiyo maana 3,200 ibaki palepale kando ya 40w = m mpaka kengele ilie.